Bahasha Tupu za Makorora

Tangu bili za maji na umeme zianze kujilipa zenyewe kwenye simu, stempu zilidoda, ndipo ikatoka amri: kila mtu mzima atume barua moja kwa mwezi, posta isife. Bi Mwanakheri na mumewe Shehoza, wa Makorora, wakawa wanatumiana bahasha tupu, zinazunguka mji na kurudi mlango uleule. Shehoza, mvivu wa foleni, aliiagiza simu yake iilipe posta kila mwezi, wao wamtumie mkewe bahasha kwa jina lake.

Shehoza alipofariki, bahasha zake hazikukoma.

“Ni yake tena, mama,” alisema tarishi wa posta, macho chini. “Simu bado inalipa. Mpaka aizuie mwenyewe, kwa kidole chake.”

“Haya, mwanangu. Nipe.”

Aliichana kwa kisu, akachungulia ndani. Kila mwezi alichungulia. Kisha akachukua bahasha yake, akaandika jina la Shehoza kwa mazoea, akasita. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua kwenye foleni ya posta. Akaweka kalamu, akashika simu, akaiagiza imtumie Shehoza bahasha kila mwezi.

Simu ikauliza: mpaka lini?

Aliiacha nafasi hiyo wazi, akaenda kuchambua mchele wa mtu mmoja.