Jina la Mwenye Kompyuta

Mara tatu Sekiete alichomeka flashi ili aweke mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta ya mkewe, Mwantumu, na mara tatu kompyuta ikagoma. Mwantumu akachoka, akamwita Mbaraka, aliyewahi kumchumbia.

"Shemeji, umenakili faili tu, kama unavyonakili nyimbo," Mbaraka akasema. "Hivyo haitawaka hata ukeshe. Flashi hii hutengenezwa kwa programu yake."

"Nilibakiza kidogo tu," Sekiete akanuna.

"Kidogo hicho tangu juzi!" Mwantumu akacheka.

Mbaraka akaitengeneza upya. Kompyuta ikawaka, ikapokea mfumo, kisha ikauliza jina la mwenyewe. Bila kumuuliza mtu, Mbaraka akaandika "Tumu".

Sekiete hakuwahi kumwita mkewe hivyo. Akamtazama, akingoja akatae. Mwantumu alikuwa anatabasamu.

Kidole cha Sekiete kikatua juu ya kitufe cha kuzima kompyuta.