Chale Kwenye Msonobari

Nilifunga breki zote mbili, na baiskeli ikasimama shubiri moja tu kutoka korongoni. Daraja la magogo halikuwepo. Mvua ya juzi ilikuwa imelizoa lote.

Nikageuka kuutazama msonobari wa kando ya njia. Huku kwetu milimani Oaxaca, siku ya kazi ya kijiji, wanaosafisha njia hukata chale kwenye miti kwa panga. Chale moja, pita. Msalaba, usithubutu.

Msonobari ule ulikuwa na chale moja, mbichi, utomvu bado unachuruzika.

Shinani palikuwa na kipande cha gome kilichobanduliwa. Nikakiokota, nikakigeuza. Kilikuwa na msalaba.

Nikapitisha kidole ndani ya ile chale. Katikati kulikuwa na mstari uliotuna, mwembamba kama uzi. Panga letu la nyumbani lina pengo, na kila likikata huacha mstari kama huo. Jana nililinoa mwenyewe. Kaka yangu Fidencio akalichukua, eti anakwenda kutafuta kuni.

Jumapili kijiji kinachagua mwendesha baiskeli mmoja wa kwenda mashindano ya taifa. Tumebaki wawili, mimi na yeye.

Breki zikalia nyuma yangu, juu ya mteremko.

"We mdogo wangu, umeganda nini hapo?" Fidencio alipaza sauti, akicheka. "Teremka bwana! Au miguu imekuwa uji?"

Nikasogea pembeni, gome mkononi.

"Tangulia wewe, kaka."

Akanifikia. Korongo hakulitazama hata kidogo. Aliutazama mkono wangu.