Kijia Nyuma ya Kituo cha Mafuta

Dalali alitandaza mkataba juu ya boneti ya gari. "Mama, amua. Saa kumi anakuja mwingine."

Nohemí alikitazama tena kile chumba nyuma ya kituo cha mafuta, pembezoni kabisa mwa Houston. Basi halikufika huko, na wateja wake wa pupusa, zile chapati nene za mahindi, hawakuwa na magari. Lakini jengo alimokuwa amepanga mgahawa wake lingebomolewa Ijumaa, na madalali wengine wote walishamkatalia.

"Huku anapita nani?" aliuliza.

"Magari tu. Kwa miguu hapiti hata mbwa."

 Nohemí alisogea kando ya barabara, na hapo, katikati ya nyasi, akaona kijia chembamba. Aliinama akakigusa. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, wenye alama zilizoachwa siku ya mvua: viatu vikubwa, viatu vidogo, magurudumu ya kigari cha mtoto. Zote zilielekea kwenye maghorofa ya kupanga ng'ambo ya mtaro.

Hakujua ni watu wangapi wanaopita hapo kwa miguu, wala wanakula nini.

"Niweke wapi sahihi?" alimuuliza dalali.