Kengele Iliyozibwa kwa Nyasi

Mwaka wa sabini na nane, kwenye kizuizi cha Isiolo, askari alichomoa kengele ya mbao ya ngamia kwenye mzigo wa Qabale, msichana aliyekuwa akienda Nairobi kusomea sheria.

"Na ngamia iko wapi?"

"Mliwapiga risasi wote, kule kambini mlikotufungia miaka ya sitini. Baba aliuliza kosa letu. Hakurudi."

Mama, aliyemsindikiza, akamvuta mtandio anyamaze. Ndiye aliyeishindilia kengele nyasi, kama wachungaji wafanyavyo wakipita karibu na adui, isije ikalia.

Qabale akaipokonya mkononi mwa askari. Akazichomoa nyasi kwa kidole, kavu, zikivunjikavunjika, mpaka ya mwisho.

Akaitikisa, ikalia.

Mama akageuka upesi kuelekea malishoni kando ya barabara, akijitengeneza mtandio, kama zamani alipoisikia mumewe akirudisha ngamia.