Macho ya Joka

Mashua ya mashindano, ya kwanza ya aina yake nchini, ilitolewa kwenye kontena ikiwa na kichwa cha joka chenye macho meupe yasiyo na mboni.

"Watengenezaji wamesahau kumalizia macho," alisema Mwanakheri, mpishi wa timu, aliyewahi kuomba nafasi ya kupiga kasia akaambiwa apike. Akatoa wanja wake, akalipaka joka mboni.

Siku ya mashindano mwalimu Liang, kocha wa timu kutoka China, alikuja na brashi pamoja na meya, maana kwao joka hufumbuliwa macho na mgeni wa heshima kwa kuchorwa mboni. Alipoziona mboni, akasimama ghafla.

"Nani amelifumbua?"

"Mimi, mwalimu. Nisamehe. Nilidhani ni kasoro ya kiwandani."

Liang akampa fimbo zake za ngoma.

"Basi limekuona wewe kwanza. Panda."

Mpiga ngoma hukaa mbele akiwatazama wapiga makasia. Haoni aendako, joka lililo nyuma yake ndilo linaloona. Mwanakheri akapiga, mashua ikachomoka. Maji yalipomrukia mgongoni ndipo alipokumbuka kwamba wanja haustahimili maji.

Hakugeuka. Akazidi kupiga.