Karatasi ya Nyuma

"Mzee Sifueli, waziri mkuu wako mwingine huyu hapa," alisema Hamduni, muuza vitabu vya mitumba, akimpa kitabu kinene chenye picha ya Mwingereza mwenye masharubu.

Kilikuwa cha kumi na mbili kumuuzia. Hamduni alidhani mzee anapenda siasa. Kumbe hakuwahi kumaliza hata kimoja! Ujanani aliviazima maktaba ya mji kwa sababu rafu ile ya maisha ya mawaziri wakuu wa Uingereza, isiyoguswa na mtu, ilipakana na meza ya Ndeshi, mkutubi. Akisimama pale alimwona vizuri akigonga mihuri. Kisha maktaba ikafungwa, vitabu vyake vikaishia kwa wauza mitumba, Ndeshi akahama mji, na Sifueli hakuwa amemwambia neno zaidi ya "asante".

Alifunua jalada la nyuma. Karatasi ya waazimaji ilikuwepo.

"Lo, hiyo nimeisahau!" Hamduni alinyoosha mkono. "Huwa nazichana zote, watu wasiseme nauza vya wizi."

"Iache!"

Palikuwa na majina mawili tu. La kwanza lilikuwa lake, na tarehe aliyokirudisha kitabu. Chini yake, mwazimaji aliyefuata, tarehe ileile, kwa mwandiko wa duara alioufahamu: Ndeshi.

Nyumbani alivishusha vile kumi na kimoja, akavifunua nyuma kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa na kovu la gundi mahali karatasi ilipochanwa. Sifueli akapitisha kidole juu ya kila kovu, polepole, kama mtu anayesoma.