Chumba cha Mibuni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye maelezo. Jua lilikuwa limeshaua kahawa yote ya mlimani, hivyo sheria ilitaka kila nyumba iipe mibuni chumba chake cha ubaridi. Mtu haruhusiwi kulala humo, kwani pumzi yake inasemekana kuleta ugonjwa wa kutu ya majani. Akilala, mibuni yote inang'olewa.

Binti yetu, Manka, alikuwa anaungua kwa homa huko jikoni kwenye joto. Mama yake akambeba hadi mlangoni mwa chumba cha mibuni. Nikamzuia huku nikicheka.

"Mama Manka, mibuni hii ni wakwe zetu. Chumbani kwa wakwe halali mtu. Nimeipogoa, nimeiwekea matandazo, nimeipandia hadi migomba ya kivuli. Iking'olewa tutakula nini?"

Hakucheka. Alikuwa akimpepea mtoto kwa jani kavu la mgomba, nami nilikuwa bado nimeshika bakuli langu la mtori wa ndizi.

"Baba Manka," akasema, "juzi mbuni mmoja ulinyauka jani, wewe ukashindwa kula. Leo ananyauka mwanao, nawe umeomba uongezewe mtori."